Naomba

Mama alipiga simu Jumamosi alfajiri kuuliza nafanya nini.
Nikamwambia, naenda kurusha sahani.
Kimya. Kisha: Nekesa, umegombana na nani?

Kwetu Kitale sahani ikiruka, majirani husogea dirishani.
Nikamweleza hii ni ya plastiki, haijawahi kuona ugali,
wanawake saba kwa saba, uwanja wa nyasi kule Mlimani,
na mwisho wa mchezo hatuzabani makofi, tunapigiana.
Akacheka.
Vaa kofia, akasema. Jua la huko halina adabu.

Timu yetu inaitwa Kunguru.
Jina alilitoa Sikudhani: nao si wa hapa, alisema,
waliletwa tu, na sasa nani
atawaambia waondoke Dar es Salaam?
Halafu kunguru hafugiki.
Fulana tulizitia rangi wenyewe, kwenye beseni, uani kwa Bupe, Tabata.
Kufikia mechi ya pili jasho limetupaka weusi mpaka shingoni.

Mwaka wa pili huu nauza vigae Chang'ombe
na bado muuza maji hunitambua kwa neno moja.
Nipe maji, nasema.
Ananitazama kama nimempokonya.
Dada wa Kenya, hapa tunaomba.
Naomba maji, naomba chenji, naomba kupita.
Mwanzoni niliona ni kujishusha.
Mtu ana hela mkononi, anaomba nini?

Hata uwanjani. Mimi nachomoka pembeni: nipe! nipe!
Mwanaidi, mtandio ameuchomeka ndani ya fulana,
anachomoka upande wa pili: naomba!
Na sahani, sijui kwa nini, humwendea yeye.

Mchezo huu hauna refa.
Hilo lilinisumbua kuliko jua.
Nimekulia kwenye mpira wa pete, mwalimu ana filimbi,
na kosa ni lile aliloliona mwalimu.
Hapa ukimgusa mwenzako unasema mwenyewe.
Mnasimama, mnahema, mnajadiliana
kama watu wanaogawana bili ya chipsi.

Nusu fainali, tisa kwa tisa, upepo umegeuka ghafla.
Tuliruka pamoja, mimi na yule Mholanzi wa timu ya Masaki,
tukaanguka pamoja.
Kiwiko changu kilimsukuma. Kidogo.
Hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe alikuwa anatema nyasi.
Nikahesabu mpaka tatu.
Nikahesabu tena.
Nimekusukuma, nikasema,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni la shemeji.
Pole, akaniambia yeye! Goti langu lilikuwa linavuja damu, sikuwa nimeliona.
Kisha wakapewa sahani, wakafunga.
Sikudhani alinitazama, akatazama pembeni, akajifunga kamba za viatu
ambazo zilikuwa zimefungwa.

Kumi kwa tisa. Bupe ameishika, anahesabiwa sekunde.
Nilikimbia kama ninayefukuzwa na mwenye nyumba
na kinywa kikafunguka chenyewe: naomba! Bupe, naomba!
Ikaja.
Ikapanda juu mno, ikasimama hewani
kana kwamba imesahau ilitumwa nini,
nikaidaka kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini,
kama chapati ya moto.

Baada ya hapo tulifungwa. Kumi na mbili kwa kumi.
Sina la kuongeza hapo; walikuwa na mapafu, sisi tulikuwa na kelele.
Tukasimama duara, Kunguru mmoja, mtu wa Masaki mmoja,
mikono mabegani, rangi yetu ikihamia kwenye fulana zao nyeupe,
na yule Mholanzi akaomba radhi kwa Kiswahili kizuri kuliko changu
kwa kitu ambacho hakukifanya.

Jioni simu tena. Mmevunja ngapi?
Hata moja, Mama. Naomba nioge kwanza, nitakupigia.
Kimya kile kile.
Unaomba? akasema.
Kwani huko hakuna maji?